Kansa imetibiwa, kazi inaendelea, mawazo hayaishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi wa Uganda

Ukurasa huu ni wa watu waliomaliza matibabu ya kansa, au wanaoendelea na vidonge tu, na wamerudi kazini: ofisini, sokoni, darasani, barabarani, kambini. Maswali ni yale yanayorudiwa kila mara kwenye foleni za kliniki na kwenye vikundi vya wagonjwa. Mambo ya mwili wako wewe mwenyewe, daktari wako ndiye anayeyajua. Hapa tunajibu yale ambayo muda wa kliniki hautoshi kuyazungumza.

## Mambo ya msingi

Daktari amesema niko sawa. Mbona mawazo yameanza sasa, wakati wa matibabu nilikuwa imara?

Wakati wa matibabu kila siku ilikuwa na kazi yake: kupima damu, kusubiri faili, kutafuta nauli ya hospitali ya Mulago, Kampala, kumeza dawa ya kichefuchefu. Ndugu walikuwa karibu na hakukuwa na nafasi ya kufikiri. Matibabu yakiisha, watu wanarudi makwao na wanakuambia, "Si umepona? Mshukuru Mungu." Hapo ndipo unapoanza kuhesabu yaliyokupata. Na hesabu hiyo unaifanya huku bosi anakusubiri, ada za watoto zinadaiwa na mwili haujarudi ulivyokuwa.

Hili linawapata watu wengi sana, na si dalili ya imani haba wala ya roho dhaifu.

Nitajuaje kama ni msongo wa mawazo au ni uchovu tu?

Mara nyingi ni vyote viwili. Uchovu wa baada ya kansa una tabia yake: unalala usiku kucha na unaamka umechoka. Msongo nao unaonekana hivi: moyo kwenda mbio bila sababu, kuamka saa nane usiku na kukosa usingizi tena, hasira za haraka kwa watoto au wateja, tumbo kuvurugika, kuogopa simu ya kazini.

Kabla ya kusema "ni mawazo", omba upimwe damu. Upungufu wa damu na malaria huleta uchovu mkali, na aliyepigwa mionzi shingoni anaweza kupata tatizo la tezi ya shingo hata miaka kadhaa baadaye. Hayo yana dawa. Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili na hakuna kinachokufurahisha, soma sehemu ya moyo na akili hapa chini.

Je, mawazo mengi yanaweza kurudisha kansa?

Utafiti haujathibitisha kwamba msongo wenyewe unaleta kansa au unairudisha. Tunalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaolala na hofu mara mbili: wanaogopa kansa, halafu wanaogopa kwamba kuogopa kwao kutaileta. Na ndugu akikuambia "usifikiri sana, itarudi", anakuongezea mzigo bila kujua.

Hatari iko katika yale ambayo msongo unatufanya tufanye: kuacha vidonge, kukosa tarehe ya kliniki, kuvuta sigara, kunywa pombe kali ya waragi ili ulale. Hayo ndiyo ya kuyapigania.

Ninasahau. Naingia stoo na sijui nilifuata nini. Je, akili imeharibika?

Hapana. Baada ya kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, watu wengi husahau majina, hupoteza mtiririko wa mazungumzo au hushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa wengi hali hupungua miezi inavyokwenda, ingawa kwa wengine hukaa muda mrefu. Kukosa usingizi na msongo huizidisha. Andika kila kitu kwenye daftari moja tu, maana madaftari matatu nayo hupotea. Kazi ya hesabu ifanye asubuhi, na usione aibu kumwambia mteja, "Ngoja niandike."

## Bosi, wenzako na sheria

Ni lazima nimwambie bosi kwamba nilikuwa na kansa?

Si lazima umwambie jina la ugonjwa. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2019, inaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Lakini ukitaka malipo ya likizo ya ugonjwa, mwajiri ana haki ya kudai barua ya daktari. Mwombe daktari aandike kwamba huwezi kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, au kwamba unahitaji kazi nyepesi, bila kutaja kansa. Madaktari wengi wanakubali wakiombwa. Wasipoombwa huandika kila kitu.

Maoni yetu ni haya: mwambie mtu mmoja kazini mwenye uwezo wa kubadilisha ratiba yako. Siri inayofichwa kwa kila mtu inachosha kuliko kazi yenyewe, kwa sababu kila safari ya kliniki inahitaji uongo mpya.

Nimwambieje bila kuonekana naomba huruma?

Omba kitu kimoja kinachopimika, kwa muda unaojulikana. Bosi akisikia "nilikuwa mgonjwa sana", anabaki na wasiwasi na hajui afanye nini. Akisikia tarehe na saa, ana la kuamua. Mfano wa barua:

"Mheshimiwa, nimemaliza matibabu ya hospitali na nimerudi kazini. Kwa miezi mitatu ijayo naomba kuanza saa tatu asubuhi badala ya saa mbili, na kutoka saa kumi na moja. Kila mwezi nitakuwa na siku moja ya kliniki, na tarehe nitakuletea wiki mbili kabla. Barua ya daktari nimeiambatanisha. Naomba tukae tena baada ya miezi hiyo mitatu tuangalie hali."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ya kupokelewa, ubaki nayo. Ukiwa na bosi wa duka au gereji asiyetaka barua, sema maneno hayohayo kwa mdomo, kisha mtumie ujumbe wa simu: "Asante mzee kwa kunikubalia nianze saa tatu." Ujumbe huo ni ushahidi.

Sheria inanipa siku ngapi za ugonjwa?

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mfanyakazi aliyefikisha angalau mwezi mmoja kazini akiugua anastahili mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo. Ikiwa mwezi wa pili umeisha na bado unaumwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi akulipe yote unayostahili. Kwa kansa hiyo ni miezi michache mno, na tunaona sheria hii haiwatendei haki wagonjwa. Mambo mawili yanasaidia. Kwanza, mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kutoa zaidi, basi usome. Pili, likizo ya mwaka ni haki tofauti: siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani ishirini na moja kwa mwaka. Siku za kliniki unaweza kuomba zikatwe humo.

Walimu wa serikali, wauguzi na watumishi wengine wa umma wana kanuni zao za utumishi kuhusu likizo ya ugonjwa. Ofisi ya utumishi ya wilaya inazo. Omba uzisome mwenyewe.

Sina mkataba wa maandishi. Je, sheria inanihusu?

Ndiyo. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tatizo ni ushahidi, kwa hiyo tunza meseji za malipo ya simu na majina ya wenzako.

Wameniambia utendaji wangu umeshuka, wanataka kunifukuza.

Kabla ya kukufukuza kwa utendaji mbaya, mwajiri anatakiwa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mtu wako kwenye kikao hicho. Kama unaelewa Kiswahili kuliko Kiingereza, sema hivyo kikaoni na udai uelezwe kwa Kiswahili. Usisaini barua ya kujiuzulu "kwa amani" siku hiyohiyo. Sema unakwenda kuisoma.

Ukishafukuzwa, malalamiko yanapelekwa kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu, na lazima uwe ulifanya kazi hapo angalau wiki kumi na tatu. Miezi mitatu hupita upesi kwa mtu mgonjwa. Nenda wiki ya kwanza.

Iwapo ugonjwa umekuachia ulemavu, kwa mfano umekatwa mguu au mkono hauinuki tena, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inaweza kukulinda pia, maana inakataza ubaguzi kazini.

Mimi ni mwanajeshi. Hayo yananihusu?

Sheria ya Ajira haiwahusu askari wa UPDF, jeshi la Uganda. Inawahusu raia walioajiriwa na jeshi. Njia yako ni daktari wa jeshi na afande wa kikosi chako. Omba maandishi ya hospitali yanayosema kazi gani unaweza na gani huwezi: doria, kubeba mzigo, zamu ya usiku. Askari wengi wananyamaza wakiogopa kuonekana hawafai, wanaanguka kwenye mazoezi, na hapo wanakuwa wamechelewa kuomba. Polisi na magereza nao wana kanuni zao, lakini ushauri wa maandishi ni uleule.

Wenzangu hawataki tutumie kikombe kimoja.

Kansa haiambukizwi kwa kikombe, kiti, choo wala kushikana mikono, na mtu aliyemaliza mionzi ya mashine habaki na mionzi mwilini. Mweleze mmoja mnayeelewana, naye awaambie wengine. Maneno yake yatapokelewa vizuri kuliko yako.

Sina bosi. Nauza sokoni, na nisipofungua sili.

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na washauri wengi hulikwepa kwa sababu vitabu viliandikwa kwa watu wa ofisini.

Mfanyabiashara wa Owino, wa Nakawa au wa mpakani Malaba hana likizo ya ugonjwa, lakini ana kitu ambacho karani hana: anaweza kupanga siku yake. Kaa na daftari la mauzo na uangalie ni saa zipi pesa inaingia kweli. Kwa muuza nyanya inaweza kuwa alfajiri wanapokuja wenye vibanda, kisha jioni watu wakitoka kazini. Katikati ya mchana ni kukaa tu na kufukuza nzi. Saa hizo ndizo za kumwachia jirani meza na kwenda kulala. Mlipe jirani kitu, hata kama ni bidhaa. Ukiomba bure kila siku, urafiki unakufa na msongo unaongezeka.

Punguza aina za bidhaa, siyo siku. Mama aliyekuwa na mitumba ya watu wazima, ya watoto na mashuka anaweza kubaki na ya watoto peke yake, kwa kuwa bale lake ni rahisi kupanga na kukunja. Wateja wanavumilia meza ndogo. Meza iliyofungwa bila taarifa hawaivumilii. Siku ya kliniki waambie mapema: "Jumatano sipo, Alhamisi nipo na mzigo mpya."

Na jambo ambalo wanawake huliona gumu kusema: baada ya mionzi ya kansa ya mlango wa kizazi, kibofu na utumbo hukimbizana. Choo cha soko ni cha kulipia na kiko mbali. Ongea na anayekikusanyia pesa ulipe kwa wiki, omba meza iliyo karibu, na mweleze daktari, maana dawa za kupunguza hali hiyo zipo. Watu wameacha biashara nzuri kwa sababu ya choo tu.

## Mwili unapogoma kazini

Uchovu unanimaliza saa sita mchana. Nipumzike zaidi?

Ajabu ni kwamba kulala mchana kutwa huuongeza. Kinachosaidia zaidi ni kutembea kidogo kila siku na kuongeza polepole: leo hadi stendi ya boda, wiki ijayo hadi kituo cha teksi. Mapumziko yawe mafupi, kabla hujachoka kabisa.

Nilitolewa titi na tezi za kwapani. Je, ninaweza kubeba mizigo?

Mkono unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Zamani waliambiwa wasibebe kitu kabisa. Siku hizi tunajua kwamba kuuzoesha mkono polepole ni salama. Hatari ni kuruka kutoka kupumzika hadi kubeba gunia. Gawanya mzigo na ubadilishe mikono. Anayeparua samaki au kukata nyama avae glavu, kwani mkato mdogo huweza kuleta maambukizi. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vidole vya miguu vina ganzi tangu kemo. Mimi ni dereva wa trela.

Baadhi ya dawa za kemo, kama vinkristini, paklitakseli na sisplatini, huumiza neva za mikono na miguu. Ganzi inaweza kupungua kwa miezi, au isiishe yote. Swali la dereva ni moja: je, unaisikia pedali ya breki bila kuitazama? Kama huna uhakika, usiendeshe mpaka daktari akupime. Omba kazi ya yadi au ya makaratasi ya forodha kwa muda. Kwa bodaboda ni hivyohivyo.

Maumivu hayaniachii usingizi.

Usiyazoee. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na iliyo na makao Makindye pamoja na matawi Mbarara na Hoima, ndiyo iliyoeneza mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, nchini, na serikali huitoa bila malipo. Siku za mwanzo inaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari wala mashine hadi mwili uizoee na daktari akubali.

## Pesa

Nilikopa nitibiwe. Sasa mshahara wote unaishia kwenye deni.

Kwa miaka mingi mionzi ya serikali ilipatikana Mulago peke yake, na mashine ya zamani ilipoharibika 2016 wagonjwa walikwama hadi mpya ilipoanza kazi. Mtu wa Arua au Kisoro alilazimika kukaa Kampala wiki nyingi, akilipia chumba na chakula. Madeni hayo hayakutokana na uzembe wako.

Andika kila deni kwenye karatasi moja, lile lenye riba kubwa juu. Nenda kwa mkopeshaji kabla hajakufuata, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi. Sacco na vikundi vya akiba mara nyingi hukubali kurefusha muda. Mkopeshaji anayeshikilia kadi yako ya benki ni hatari ya kwanza: mlipe huyo kwanza, urudishiwe kadi, maana bila kadi huna amri juu ya mshahara wako.

Je, NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, wanaweza kunipa pesa zangu sasa?

Kama ugonjwa umekufanya usiweze kufanya kazi ya kipato, kuna fao la kutojiweza, na madaktari ndio watakaokupima. Kama unaweza kazi, tangu sheria ilipobadilishwa 2022 mwanachama aliyefikisha miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Mwenye ulemavu, kuanzia miaka 40 na michango ya miaka 10, hadi asilimia 50. Hakikisha pia kwamba mwajiri alikuwa anapeleka michango yote: asilimia 10 yake na 5 yako.

## Moyo na akili

Wiki ya kliniki siwezi kufanya kazi kwa hofu ya majibu.

Karibu kila aliyetibiwa kansa anaijua wiki hiyo. Usiipangie kazi nzito wala mkutano mkubwa. Nenda na mtu, andika maswali kabla, na uliza majibu yatatoka siku gani ili usiishi ukisikiliza simu. Tena jua dalili ambazo kweli zinahitaji kuripotiwa. Muulize daktari azitaje. Hofu isiyo na orodha hugeuza kila mafua kuwa kansa.

Nizungumze na nani?

Anza na muuguzi wako wa kliniki. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika ni hospitali ya taifa ya kazi hiyo. Kwenda huko si kuwa kichaa. Kwa wanawake wa kansa ya matiti, chama cha Uganda Women's Cancer Support Organisation kilianzishwa na waliopitia wenyewe. Wanaume wana vikundi vichache, na ndio wanaonyamaza zaidi, hasa baada ya kansa ya tezi dume inapogusa nguvu za kiume. Mzee, daktari ameshalisikia swali hilo mara nyingi.

Nimepewa dawa ya mawazo. Nichanganye na tamoksifeni?

Mwambie anayekuandikia dawa kwamba unatumia tamoksifeni, kidonge cha kansa ya matiti. Baadhi ya dawa za sonona, hasa fluoksetini na paroksetini, huizuia isifanye kazi vizuri mwilini. Zipo nyingine zisizofanya hivyo. Usiache yoyote mwenyewe.

Mchungaji amesema nimeponywa, niache vidonge.

Omba, na umeze. Tamoksifeni hutumiwa miaka mitano hadi kumi kwa sababu hupunguza uwezekano wa kansa kurudi, na kuiacha mapema kunaipoteza kinga hiyo. Mweleze mchungaji au shehe hivyo kwa heshima. Wengi wakielezwa wanakuunga mkono.

Nimefikiri kujiua.

Mwambie mtu sasa, kabla hujamaliza kusoma: mke, jirani, muuguzi. Usibaki peke yako, mpe mtu dawa za kilimo na vidonge vilivyoko nyumbani avitunze, na nenda hospitali iliyo karibu leo, hata usiku. Mawazo haya yanatibika.

## Hali za pekee

Nina VVU pia. Kazini nifiche vyote viwili?

Sheria ya Ajira inataja wazi VVU kuwa si sababu ya kumbagua mfanyakazi. Barua ya daktari isiyotaja ugonjwa (tazama swali la kumwambia bosi) inatosha kwa vyote viwili. Jitahidi tarehe za kliniki hizo mbili zilingane, upunguze siku za kutoroka kazini.

Nina mfuko wa kinyesi tumboni na nafundisha darasa la watoto.

Inawezekana. Mwaga kilichomo kabla ya kipindi cha kwanza, weka mfuko wa akiba na nguo kwenye begi, na mwambie mwalimu mmoja atakayesimama darasani dakika chache ukihitaji kutoka.

Nilitibiwa kansa ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, nikiwa mtoto. Je, niseme kwenye usaili wa kazi?

Daktari Denis Burkitt aliueleza uvimbe huo mwaka 1958 akiwa Mulago, na taasisi ya kansa ya hapo ilianza 1967. Wapo watu wazima wengi leo waliopona utotoni. Ugonjwa uliotibiwa miaka mingi iliyopita na usiokuzuia kazi si habari ya usaili. Wakiuliza kuhusu kovu la taya, jibu fupi linatosha: "Niliugua nikiwa mdogo, nikapona." Lakini kwa daktari sema kila mara, kwa sababu dawa zile zinaweza kuwa na athari za baadaye.

Mimi ndiye bosi. Nimfanyie nini mfanyakazi wangu aliyerudi?

Usimpe kazi zake zote siku ya kwanza, wala usimnyang'anye zote ukidhani unamhurumia. Mwulize yeye anaweza nini wiki hii. Usitangaze habari zake kwenye kikao cha asubuhi. Na mshahara wake ulipe kwa tarehe ileile ya wengine.